Nyerere: jina la mtu mmoja lililogeuka kuwa la ukoo

Kila ikikaribia Oktoba 14, Siku ya Nyerere, dirisha letu la usajili hupokea maombi ya aina moja. Mzazi anataka mtoto wake aandikwe Nyerere mwishoni. Mwingine anaomba barua ya kuthibitisha kwamba yeye ni "wa ukoo ule". Wa tatu amesoma mahali kwamba jina hilo lina watu kadhaa duniani, sasa anataka tumpe idadi kamili, mkoa kwa mkoa. Wote huja kwa nia njema, na sina sababu ya kuwashuku. Ila wote watatu wanaanzia kosa moja: kudhani kwamba jina la tatu kwenye fomu ni lazima liwe jina la ukoo, na kwamba jina la ukoo ni ushahidi wa damu.

Maelezo haya ni ya elimu kwa umma na yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii. Wala makala haya hayachukui nafasi ya sheria yenyewe au ushauri wa wakili wako.

Jina Nyerere halikuanza na Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, na halikuanza kama jina la ukoo. Lilikuwa la baba yake, mtemi wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama, mkoani Mara, mwaka 1860 hivi. Mwaka huo eneo lilivamiwa na viwavijeshi, na kwa Kizanaki nyerere ni kiwavi. Mtoto akapewa jina la tukio. (Msichanganye na viwavijeshi vamizi vinavyosumbua mahindi yetu leo, hao wametoka mabara ya Amerika na waligunduliwa Afrika mwaka 2016. Waliompa mtemi jina ni wa hapa hapa.) Kumwita mtoto kwa tukio si ajabu kanda ya Ziwa. Jirani zao Wajaluo wa Rorya wana Okoth, aliyezaliwa wakati wa mvua, na Okech, aliyezaliwa wakati wa njaa. Wasukuma wana Mabula wa mvua. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyepewa jina hilo ili vitukuu wake walibebe.

Baba wa mtemi huyo aliitwa Burito. Kwa hiyo mtemi ni Nyerere Burito: jina lake, kisha la baba yake. Mwanawe aliyezaliwa Mwitongo mwaka 1922 ni Kambarage Nyerere, kwa mpango uleule. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Kama Kambarage angejaza fomu ya leo yenye nafasi tatu kwa kufuata baba na babu, angeandika Kambarage Nyerere Burito, na mashine ingemtambua kwa jina la mwisho, yaani Burito. Watoto wake wangeishia na Nyerere, wajukuu wangeishia na Kambarage. Jina tunalolijua sote lingetoweka katika nafasi ya tatu kufikia kizazi cha wajukuu.

Halikutoweka kwa sababu lilifanywa la kudumu. Shule, ubatizo na utawala wa kikoloni vilitaka jina moja lisilobadilika, na watoto wa mtemi wakabaki na la baba yao. Edward Wanzagi, aliyemrithi baba yake utemi mwaka 1942, ni Nyerere. Joseph, mdogo wa Mwalimu aliyeingia katika siasa, ni Nyerere. Kisha umaarufu wa Julius ukalifunga kabisa, na wanawe na wajukuu wakaendelea nalo. Hata hilo Julius ni la ubatizo wa Desemba 23, 1943, alipokuwa kijana wa zaidi ya miaka 20. Tena Kambarage si jina lake la kwanza. Alipozaliwa aliitwa Mugendi, maana yake mtembeaji, kisha kwa ushauri wa mganga akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Siku hizo hapakuwa na dirisha la kupanga foleni.

Linganisha na Kilimanjaro. Massawe, Mushi, Kimaro, Temu: hayo ni majina ya koo hasa, yamebebwa na maelfu ya watu wasiojuana. Pwani kuna Al-Barwani na Al-Riyami, nisba (majina yanayotaja asili) za kabila zilizovuka bahari kutoka Oman. Nyerere haliko kundi hilo. Chimbuko lake ni boma moja la kijiji kimoja. Ni kweli boma lile halikuwa dogo, maana waandishi wa maisha ya Mwalimu wanataja wake 22 wa mtemi, mama Mugaya Nyang'ombe akiwa wa tano, na watoto 25 waliokua. Uzao wa watoto 25 kwa zaidi ya miaka mia moja ni watu wengi, na bado ni jina adimu ukililinganisha na Mushi.

Wangapi? Swali hili naulizwa mno, na jibu halibadiliki kwa kuulizwa mara ya pili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na haikutoa orodha ya majina. Kabila lenyewe halijaulizwa kwenye sensa zetu tangu ile ya 1967. Tovuti zinazokupa "idadi ya wenye jina hili duniani" hukadiria kwa orodha za simu na kumbukumbu nyingine walizozipata. Si takwimu za Serikali, na sisi hatuzigongi muhuri. Daftari la usajili nalo halifunguliwi kwa udadisi. Lina taarifa binafsi za watu.

Zaidi ya hapo, hesabu ya jina si hesabu ya ukoo. Wako waliopewa Nyerere kama jina la kwanza kwa heshima ya Mwalimu, ndani na nje ya mipaka yetu, na watoto wao sasa wanalitumia kama jina la baba. Hawa hawajafanya kosa lolote. Jina limepewa hata samaki: Pundamilia nyererei wa Ziwa Victoria, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1985. Hajawahi kudai urithi.

Anayedai undugu wa damu atumie njia ya damu. Sheria ya vinasaba (DNA) vya binadamu ya mwaka 2009 inaelekeza kipimo kifanyike kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya mamlaka zinazotambuliwa kama mahakama, polisi au ustawi wa jamii. Huendi mwenyewe na unywele kwenye bahasha. Na barua ya msajili kwamba mnashabihiana majina haipo. Haijawahi kuwepo. Tafadhali msiendelee kuiomba.

Sasa utaratibu. Mtoto mchanga asajiliwe ndani ya siku 90, na mzazi ndiye mwenye kutaja majina. Akitaka kumwita Nyerere, hatumzuii. Ila nafasi ya jina la baba ijazwe jina la baba. Aliyepita miaka 10 bila kusajiliwa, maombi yake hupelekwa kwa Msajili Mkuu, kwa hiyo asije dirishani akitarajia cheti jioni.

Mtu mzima anayetaka kubadili jina anahitaji hati ya kubadili jina, siyo kiapo tu. Nasema hili kila wiki. Kiapo cha wakili kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hakibadilishi jina. Hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili, ikataja jina la zamani, jipya, na tamko la kuliacha la zamani kabisa. Husainiwa mbele ya mwenye mamlaka ya kushuhudia, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na tangazo hutoka katika Gazeti la Serikali. Baada ya hapo ndipo unakwenda NIDA (kitambulisho cha taifa), halafu pasipoti, TIN (namba ya mlipakodi) na benki. Vyeti vya mitihani vilivyokwisha kutolewa hubaki na jina la zamani, kwa hiyo tunza hati pamoja navyo maisha yako yote.

Wanaochagua njia ya mkato, wakafuta herufi kwenye cheti au kupachika jina kwa wino unaofanana, wajue kwamba chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi ni kosa la kifungo cha hadi miaka 7, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ya kughushi anaadhibiwa kama aliyeighushi. Kusema "nilisaidiwa na kijana pale nje" si utetezi.

La mwisho ni tahajia. Tumepokea Nyelele, Nyerele na Nyelere za mtu mmoja, katika nyaraka tatu tofauti. Matamshi yako ni yako, lakini kwenye kompyuta r na l ni watu wawili. Kama kosa limeanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, leta cheti hicho halisi, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na kitambulisho cha mzazi kama yupo. Cheti kirekebishwe kwanza, kitambulisho kifuate. Ukianza na kitambulisho, utarudishwa hapa hapa.