RAM kuonekana yote si dalili kwamba ni nzima

Kwa miaka mingi tumeambiana kwamba kompyuta ikiwaka na kuonyesha gigabaiti zake zote 8, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni nzima. Ikianza kuzimazima, lawama ni za virusi au Windows. Si kweli.

Kompyuta inapowaka hukagua RAM juu juu tu, mradi ijue kwamba ipo na ina ukubwa gani. Gigabaiti 8 zina biti (vijisehemu vya kushika 0 au 1) zaidi ya bilioni 68, na biti moja mbovu yaweza kuharibu faili unalonakili bila onyo lolote. Hapo ndipo panaponiuma: mtu anapigiwa Windows upya mara tatu, analipa mara tatu, na kila mara Windows hiyo mpya inapita kwenye RAM ileile mbovu.

Kipimo cha kweli ni programu kama Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaanza. Inaandika namba kwenye RAM, kisha inazisoma. Ikiandika 55555555 ikasoma 55555557, unatokea mstari mwekundu, na hata mmoja tu si wa kupuuza. Iache usiku kucha, kwani hitilafu nyingine hujitokeza RAM ikishapata joto.

Kusugua meno ya RAM kwa kifutio husaidia pale tu tatizo ni uchafu. Makosa yakiendelea, pima kipande kimoja kimoja kwenye tundu lilelile, halafu ubadilishe tundu, maana nalo huharibika.