Harakati za watu wenye ulemavu mtandaoni: dhana potofu na ukweli

Dhana: Anayeposti hafanyi harakati. Harakati ni kuingia barabarani.

Barabara yenyewe haijawahi kuwa ya wote. Maandamano ya kilomita kadhaa, jukwaa la kupandwa kwa ngazi, hotuba isiyo na mkalimani wa lugha ya alama: vyote humwacha nje yule yule anayepiganiwa. Mwaka 2016 Wamarekani watatu wenye ulemavu, Alice Wong, Gregg Beratan na Andrew Pulrang, walianzisha #CripTheVote, mijadala ya Twitter kuhusu siasa na sera zinazowagusa wenzao. Mtu alichangia akiwa kitandani, kwa kasi yake. Kumwita huyo mvivu ni kumwonea mara ya pili.

Tena wapo wanaofanya yote mawili. Juni 2017 wanaharakati wa ADAPT, kundi la Marekani linalopigania haki za watu wenye ulemavu, walilala sakafuni nje ya ofisi ya Seneta Mitch McConnell, Washington, kupinga kupunguzwa kwa fedha za Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini na wenye ulemavu. Polisi waliwabeba mmoja mmoja, na picha zikasambaa ndani ya saa chache.

Dhana: Mitandao ndiyo iliyozaa harakati hizi.

La. Mwaka 1977 watu wenye ulemavu walikalia jengo la serikali San Francisco, Marekani, kwa zaidi ya siku 20 wakidai haki zao. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Kiu ya kusikika ilikuwepo kabla ya simu janja.

Dhana: Video ya kutia moyo kuhusu mtu mwenye ulemavu inatosha kuelimisha jamii.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu husambazwa kwa nia njema. Stella Young, mwanahabari wa Australia aliyetumia kiti cha magurudumu, alieleza mwaka 2014 kwamba hata ukizitabasamia ngazi namna gani, hazigeuki njia ya mteremko. Mtazamaji hufuta machozi, akaendelea na video nyingine. Ngazi ziko pale pale.

Dhana: Mtandaoni kila sauti ni sawa.

Mwaka 2019 TikTok ilikiri kwamba ilibana usambaaji wa video za watumiaji iliodhani wangedhihakiwa, wakiwemo wenye ulemavu, kwa maelezo kuwa inawalinda. Walinyamazishwa bila kuulizwa.

Na sisi wenyewe hufunga milango. Tangazo la maandamano likiwekwa kama picha isiyo na maelezo ya maandishi, asiyeona anayetumia kisoma skrini, programu inayosoma maandishi kwa sauti, husikia neno moja tu: "picha".