Acheni kutafuta kitovu cha ulimwengu

Kuna namba moja inayozunguka sana hapa mjini: kilomita 370 kwa sekunde, kasi ambayo Jua letu na sayari zake zinakwenda nayo angani. Nimeisikia kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, nimeisikia kwa wanafunzi wa kidato cha sita, na juzi nimeletewa na mhandisi, mtu wa hesabu zake, aliyeniambia kwa uhakika wote: "Mwalimu, kama tunakwenda kasi hiyo, basi kuna tunakotoka. Huko tunakotoka ndiko ulimwengu ulikolipukia." Namba yenyewe ni sahihi. Kilichojengwa juu yake ndicho kibovu, na nimechoka kukiacha kipite kwa sababu tu mazungumzo ni mazuri na kahawa bado ipo.

Kosa lilizaliwa kwenye kutanuka kwa ulimwengu kwenyewe. Vesto Slipher alianza mwaka 1912 kupima spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, za vitu ambavyo wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika kwamba ni galaksi, akakuta nyingi nuru yake imehama kuelekea wekundu, dalili kwamba zinatuacha. Mwaka huohuo Henrietta Leavitt alichapisha uhusiano kati ya muda wa mapigo ya nyota za Sefeidi na mwangaza wake, na kwa kipimo hicho Edwin Hubble akaweza kupata umbali. Mwaka 1929 Hubble akaonyesha kwamba galaksi iliyo mbali mara mbili huonekana kukimbia kasi mara mbili. Georges Lemaître alikuwa ameshafika hapo mwaka 1927 akitumia milinganyo ya uvutano ya Einstein, na Alexander Friedmann alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1922 kwamba milinganyo hiyo inaruhusu ulimwengu unaotanuka. Kwa thamani za leo, chukulia kilomita 70 kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila miaka nuru milioni 3.26: galaksi iliyo miaka nuru milioni 326 kutoka hapa inatuacha kwa kilomita 7,000 kila sekunde.

Msikilizaji akifika hapo huchagua moja kati ya mawili. Ama zinatukimbia sisi, kwa hiyo tuko katikati. Ama tukirudisha muda nyuma tutafika mahali zilipotokea zote.

Tazama vituo vya mwendokasi kwenye barabara ya Morogoro: Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Tuseme kila kimoja kiko kilomita mbili kutoka kwa kinachofuata, kisha barabara nzima ivutike mara mbili ndani ya saa moja. Aliyesimama Magomeni ataona Manzese imesogea kilomita mbili, Ubungo nne, Kimara sita. Hiyo tayari ni sheria ya Hubble. Sasa simama Ubungo: Manzese na Kimara zimesogea kilomita mbili kila moja, Magomeni nne. Sheria ni ileile na namba ni zilezile, na hakuna kituo chenye haki ya kudai kwamba chenyewe kilitulia na vingine ndivyo vilivyokimbia. Kirudishe nyuma kipindi hicho na kila kituo kitaona vingine vyote vinakuja kwake. Najua utaniambia barabara hiyo ina Kivukoni upande mmoja, ina ncha, na chenye ncha mbili kina katikati. Ni kweli, na mfano unafia hapo, kwa sababu ncha ndicho kitu ambacho hatujakiona popote angani.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi huliruka. Sheria ya Hubble peke yake haiwezi kumwangusha mtu wa bomu, yaani anayedhani ulimwengu ulipasuka kutoka mahali pamoja kama bomu. Bomu likipasuka mahali patupu, vipande vyenye kasi hutangulia na vizito wa mwendo hubaki nyuma. Baada ya muda, kila kipande kikitazama vingine huona umbali na kasi vikiendana sawasawa. Anayekuambia "kasi inaendana na umbali, kwa hiyo hapakuwa na bomu" anakupa hoja isiyotosha. Kinachoangusha bomu ni vitu viwili vingine. Bomu lina ukingo, na msongamano wa vipande hubadilika ukielekea kwenye ukingo huo. Galaksi tulizozihesabu, ukizitazama kwa mizani ya mamia ya mamilioni ya miaka nuru, zimetawanyika kwa usawa pande zote. Cha pili ni mnururisho wa usuli, nuru ya kale inayotufikia kutoka pande zote za anga.

Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mwaka 1965 kwamba antena yao kule New Jersey ilikuwa na kelele isiyoisha, ileile kokote walikoielekeza. Wenye umri wangu hapa Dar waliwahi kuitazama bila kujua: sehemu ndogo ya zile chenga za televisheni za analojia, kabla mitambo yake haijazimwa mwishoni mwa mwaka 2012, ilitokana na mnururisho huo. Ni nuru iliyoachiwa miaka kama 380,000 baada ya mwanzo, ulimwengu ukiwa na joto la Kelvini 3,000 hivi, na leo imepoa hadi Kelvini 2.725. Kila sentimita ya ujazo ya nafasi ina fotoni (chembe za nuru) kama 400 za nuru hiyo, ikiwemo hewa iliyo mbele ya uso wako sasa. Ukiuliza Mlipuko Mkuu ulitokea wapi, jibu langu ni hapo ulipo. Na pale galaksi ya Andromeda ilipo. Na kila mahali pengine. Gesi ya moto iliyotoa nuru tunayoipokea leo imekwisha kuwa galaksi za kawaida, na kama huko kuna anayetazama, anapokea nuru iliyotoka kwenye gesi iliyokuja kuwa sisi.

Sasa zile kilomita 370. Mnururisho huo hauko sawa kabisa. Upande mmoja wa anga una joto zaidi kwa kama milikelvini 3.4, na upande unaotazamana nao umepungua kwa kiasi hichohicho. Tofauti hiyo ilipimwa kwa uwazi mwaka 1977 na George Smoot na wenzake kwa chombo kilichopandishwa kwenye ndege ya U-2, na setilaiti za COBE na Planck zikaja kuipima kwa ustadi mkubwa zaidi. Maelezo yake ni mwendo wetu: tunakoelekea nuru hubanwa, tunakotoka hunyooka. Tunaelekea kusini kidogo ya kundinyota la Simba, kwenye nyuzi kama saba kusini ya ikweta ya anga. Dar es Salaam nayo iko karibu nyuzi saba kusini. Kwa hiyo katikati ya Aprili, yapata saa nne usiku, mawingu ya masika yakiruhusu, sehemu ya anga ambayo Jua na sayari zake zote zinaelekea hupita karibu kabisa utosini mwetu. Huhitaji darubini kujua uangalie wapi. Simama Kigamboni, inua kichwa.

Kwa hesabu ya mhandisi, basi, kitovu kiko nyuma yetu, upande wa kundinyota la Ndoo. Hapa ndipo ninapoomba watu watulie, maana kosa lenyewe ni la kupendeza na limewanasa hata waliosoma.

Mwendo wa kilomita 370 umepimwa dhidi ya nini? Dhidi ya mtazamaji ambaye mnururisho wa usuli uko sawa pande zake zote. Mtazamaji wa namna hiyo anaweza kuwepo hapahapa, tukimpita kwa kasi. Anaweza kuwepo Andromeda. Anaweza kuwepo miaka nuru bilioni kumi kutoka hapa. Wako kila mahali, na kila mmoja ana haki ya kusema ametulia, ingawa wao kwa wao wanaachana kwa kadiri ya sheria ya Hubble. Hawatoki mahali pamoja. Ukishuka Manzese na kutembea kwa miguu kuelekea Ubungo wakati barabara inavutika, mwendo wa miguu yako ni wa kweli, unapimika dhidi ya lami iliyo chini yako, wala haumwambii mtu yeyote lolote kuhusu barabara imeanzia wapi. Kilomita 370 ndio mwendo wetu wa miguu.

Na tunajua unatokana na nini, angalau kwa sehemu kubwa. Jua linazunguka katikati ya galaksi yetu kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde. Galaksi yetu na Andromeda zinavutana. Kundi lote dogo la galaksi tulimo linavutwa kwa kama kilomita 620 kwa sekunde na marundo makubwa ya maada yaliyo mbali zaidi. Mizunguko ya Jua inakwenda kwa sehemu kinyume na mvuto huo mkubwa, ndiyo maana sisi tunabakiwa na 370 tu. Hii ni kazi ya uvutano. Haina habari yoyote na siku ya kwanza. Baada ya kutoa athari ya mwendo huo, mnururisho unabaki sawa pande zote hadi kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Mtu wa bomu, ili apate usawa huo, atalazimika kutuweka karibu sana na kitovu chake mwenyewe, yaani kurudi kwenye imani kwamba sisi ndio wa katikati, bila ushahidi wowote wa kumlazimisha.

Mengine nitayapita haraka. Dar es Salaam haitanuki, wala Dunia, wala galaksi yetu. Vilivyofungwa na uvutano havifuati sheria ya Hubble, na Andromeda inatukaribia. Galaksi zilizo zaidi ya miaka nuru bilioni 14 hivi zinaachana nasi kwa kasi kuliko nuru na hakuna sheria ya Einstein iliyovunjwa, kwa sababu katazo lake linahusu vitu vinavyopitana mahali pamoja. Wanaosema nuru "imechoka" njiani ndiyo maana imekuwa nyekundu, waangalie supanova, nyota zinazolipuka, za mbali: hung'aa na kufifia polepole zaidi kwa uwiano uleule wa kuhama kwa nuru yao, na uchovu wa nuru hauwezi kuchelewesha saa. "Unatanukia wapi?" Hakuna kipimo chochote kinachohitaji kuwepo kwa nje. Milinganyo inashughulika na umbali wa ndani peke yake na inatosha.

Umbo ni suala jingine, na linastahili subira. Tunalipima kwa pembetatu. Mawimbi ya sauti yaliyopita kwenye ile gesi ya moto yaliacha urefu unaojulikana, ambao kwa vipimo vya leo ni miaka nuru kama milioni 480. Tunauona kwenye mnururisho wa usuli kutoka umbali wa miaka nuru bilioni 45 hivi, ukishika pembe ya kama nyuzi 0.6, kuzidi kidogo upana wa Mwezi mpevu. Nafasi ingekuwa imepinda kuelekea ndani tungeona pembe kubwa zaidi. Ikipinda kinyume, ndogo zaidi. Jibu, data za Planck zikiunganishwa na ramani za galaksi, ni kwamba mpindo haujaonekana, na kama upo ni chini ya asilimia moja. Nafasi ni bapa kwa maana hiyo tu: pembe za pembetatu zinatimiza 180 hata upande mmoja ukiwa na miaka nuru bilioni.

Bapa haimaanishi isiyo na mwisho. Watu wazima wenye shahada wananibishia hili. Nafasi inaweza kuwa bapa kila mahali na bado ikajirudia, ukienda mbele kwa muda wa kutosha ukarejea ulipoanza, bila ukuta na bila katikati. Ingekuwa inajirudia ndani ya upeo wetu, mnururisho wa usuli ungebeba duara zenye michoro inayofanana pande tofauti za anga. Zimetafutwa kwenye data za setilaiti za WMAP na Planck, hazikuonekana. Kwa hiyo kama ulimwengu una ukubwa wenye kikomo, kikomo hicho kiko mbali kuliko tunavyoona, na huenda swali hili likabaki bila jibu daima. Linaniuma, lakini ndivyo lilivyo.

Yapo yanayoniuma zaidi. Kasi ya kutanuka ikikadiriwa kutoka data za Planck ni kama kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Ikipimwa kwa Sefeidi na supanova ni kama 73. Timu zote ni makini na tofauti haijaisha kwa miaka mingi. Hubble mwenyewe alipata kama 500, thamani iliyofanya ulimwengu uonekane mdogo kwa umri kuliko mawe ya Dunia, na sababu kubwa ilikuja kujulikana mwaka 1952, Walter Baade alipoonyesha kwamba aina mbili za nyota zilikuwa zimechanganywa. Huenda leo nako kuna kitu cha namna hiyo. Tena hata usemi kwamba "nafasi inatanuka" una wapinzani wenye hoja nzuri: wanasema unaweza kueleza yote kwa galaksi zinazokwenda na ukapata kuhama kulekule kwa nuru. Mimi hufundisha kwa usemi wa kwanza, na kila mwaka naona unawafanya wanafunzi wadhani nafasi ni kama mpira unaovuta vitu.

Na kuna moja linalogusa kabisa hizo kilomita 370. Mwendo wetu unapaswa kuongeza kidogo idadi ya vitu vinavyoonekana upande tunakokwenda. Mwaka 2021 Nathan Secrest na wenzake walihesabu kwasari, viini ving'aavyo sana vya galaksi za mbali, zaidi ya milioni 1.3 kutoka data za setilaiti ya WISE. Ongezeko lilikuwepo, mwelekeo wake haukuwa mbali na ule wa mnururisho, lakini ukubwa wake ulizidi mara mbili ya uliotarajiwa. Inawezekana orodha ya kwasari ina kasoro ambayo haijaonekana. Inawezekana pia kwamba ulimwengu, kwa mizani kubwa kabisa, hauko sare kama tunavyofundisha. Ikiwa hilo la pili ndilo kweli, sehemu ya niliyoyaandika hapa kuhusu usawa italazimika kuandikwa upya. Hata hivyo ulimwengu wenye upande mmoja uliozidi kidogo bado si ulimwengu wenye kitovu. Darubini ya Vera Rubin kule Chile, na ile ya redio ya SKA inayojengwa Afrika Kusini na Australia, zitahesabu vitu vingi zaidi kwa njia zinazotofautiana, na zikikubaliana na Secrest, hapo nitakuwa na mengi zaidi ya kueleza.