Tanga la bati na kazi ya foromali

Juzi nilimwomba fundi mmoja wa Kamukunji anikunjie bati liwe silinda ya urefu wa mita moja, nene kama sufuria ya ugali wa watu wanne. Akauliza kama ni bomba la moshi. Nikamwambia ni tanga la meli, naye akataka kuelezwa. Niliyomweleza nikiwa nimesimama pale katikati ya kelele za nyundo ndiyo haya.

Nafundisha wanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi jinsi hewa na maji vinavyosukuma vitu. Silinda ile tuliisimamisha juu ya kigari cha magurudumu manne, tukaweka mota ndogo ndani yake na feni kubwa ubavuni. Feni peke yake haikukisogeza kigari. Tulipowasha mota silinda ikaanza kuzunguka, kigari kikaondoka kwenda mbele, kikikata upepo. Upande ambao bati linakwenda pamoja na upepo, hewa hupita kasi na kanieneo yake, yaani jinsi inavyolisukuma bati, hupungua. Upande wa pili hewa huzuiliwa. Silinda huvutwa kule kwenye kanieneo ndogo. Mpira wa frikiki unaopinda na kuuzunguka ukuta wa mabeki hupindishwa na jambo hilohilo. Ukigeuza mzunguko wa mota, kigari kinarudi nyuma.

Mjerumani Anton Flettner aliweka minara miwili ya namna hii kwenye meli Buckau mwaka 1924, na mwaka 1926 ikavuka Atlantiki hadi New York. Ilifanya kazi. Lakini mafuta yalikuwa rahisi, na wazo likalala miaka mingi.

Kwa maoni yangu, upepo haujawahi kuwa shida kubwa ya tanga. Shida ni mikono. Nilipokuwa mtoto Lamu nilipanda jahazi la ami yangu, na ninachokumbuka zaidi ni pale tanga lilipopaswa kuhamia upande wa pili. Chombo kinageuzwa upepo uje tezi, yaani nyuma, foromali, ile boriti inayobeba tanga, inasimamishwa wima kando ya mlingoti, na wanaume wanakimbia na demani, kamba ya tanga, kuizungusha mbele huku turubai likipiga kama radi. Ami hakuwa akizungumza na mtu dakika hizo. Kamba ikimponyoka mmoja, wote wako hatarini. Kampuni ya meli haiwezi kuajiri watu thelathini wa kazi hiyo.

Ndiyo maana naipenda sana Maltese Falcon, yoti ya mita 88 iliyokamilika mwaka 2006. Ina milingoti mitatu ya nyuzi za kaboni isiyoshikiliwa na kamba yoyote. Foromali zimefungwa moja kwa moja kwenye mlingoti, kwa hiyo hakuna wa kuzihamisha: mlingoti wenyewe ndio unaozunguka. Matanga 15 hukunjwa ndani ya milingoti na kutoka kwa kubonyeza kitufe. Wazo hili lilibuniwa na mhandisi Wilhelm Prölss miaka ya 1960, akilenga meli za mizigo, likaja kujengwa kwanza kwa ajili ya starehe ya tajiri. Hilo linaniuma kidogo.

Meli za mizigo nazo zimeanza. Mwaka 2023 Pyxis Ocean, inayobeba shehena ya kichele, yaani mizigo isiyofungwa kama nafaka, iliwekewa mabawa mawili magumu ya urefu wa mita 37.5. Yanajigeuza yenyewe kufuata upepo, na hulazwa juu ya sitaha meli ikifika bandarini. Baada ya majaribio ya miezi sita, kampuni ya Cargill, walioikodi, walisema iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kwa siku. Injini bado inafanya kazi. Bawa linaipunguzia mzigo.

Fundi wangu aliuliza kama tutayaona mabawa haya Mombasa. Meli za makontena ni ngumu, kwa sababu sitaha imejaa na kreni za gati zinahitaji nafasi juu. Zinazoleta ngano na klinka, mali ghafi ya saruji, ndizo ningezitazamia. Ningechagua safari ya Mombasa kwenda Colombo wakati wa kusi: ukitoka tu Kilindini, upepo unakupiga ubavu wa kulia, na hapo ndipo bawa na silinda huvuta vizuri kuliko kokote. Kwenda Durban msimu huohuo, ningeyalaza.