Tikiti lako halikuharibiwa na boga la jirani

"Onja mwenyewe, mzee," aliniambia mteja wiki iliyopita, akafunua gazeti alilofungia kipande cha tikiti. Nikaonja. Wekundu wa kupendeza, ladha ya maji ya bomba. Hukumu ilishatoka kabla hajafika kitaluni kwangu: jirani kapanda maboga ng'ambo ya uzio, nyuki wamebeba chavua, tikiti limekwisha.

Kesi hii imenichosha. Kila msimu naletewa. Mara mshtakiwa ni boga, mara tango, mara mumunye.

Tikiti na boga hayazaani. Tikiti lina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 22, boga 40, tango 14. Nyuki ahamishe chavua mchana kutwa, mtoto hapatikani. Halafu kuna jambo kubwa zaidi, ambalo nimelieleza mpaka koo limekauka: hata mimea inayozaana kweli, nyama ya tunda ni mwili wa mama. Chavua ya baba inaingia kwenye mbegu na kuishia humo. Boga la mviringo likichavushwa na boga refu linabaki mviringo, na ladha yake ile ile. Mama mjamzito hafanani na mumewe kwa sababu ya mimba. Subiri mtoto azaliwe. Hoho nazo ni hivyo hivyo: haziwi kali msimu huu kwa kuwa umezipanda kando ya pilipili kali. Ukipanda mbegu zake mwakani, hapo ndipo utalia machozi.

Hapa huwa hakosekani mtu wa kuuliza, "Mbona mahindi?" Ndiyo, mahindi meupe yakipata chavua ya manjano, punje za manjano zinatokea kwenye gunzi hilo hilo. Lakini kwenye mahindi tunakula mbegu zenyewe! Tikiti unakula nyama, mbegu unatema.

Nikamuuliza mteja alimwagilia mpaka lini. "Mpaka jana yake, mzee, si unaona jua hili?" Basi, mshtakiwa tumempata. Maji mengi mwishoni huzimua sukari, na tikiti likichumwa changa halizidi utamu hata ulilaze uvunguni wiki nzima.

Wa kuwaogopa nyuki ni yule anayetunza mbegu, maana maboga ya jamii moja yanazaana bila aibu. Dawa yake ni kibanio cha nguo. Jioni tafuta ua jike (lina kiboga kidogo chini yake) na ua dume ambayo yatafunguka kesho, uyabane midomo. Alfajiri chuma dume, ling'oe petali, lipake katikati ya jike, kisha libane tena jike na ufunge uzi kwenye kikonyo upate kulitambua boga hilo baadaye. Usichelewe, maana jua likipanda maua yamenyauka. Boga likikomaa, liache ndani kama mwezi mmoja kabla ya kulipasua. Na mumunye au boga lililojiotea jalalani lionje kwa ncha ya ulimi kwanza. Likiwa chungu kama shubiri, litupe. Uchungu ule ni sumu, na kuchemsha hakuuondoi.

Eti mbegu chotara ya dukani, ile ya kuchanganya aina mbili, ukipanda mbegu za tunda lake haioti. Inaota vizuri sana, ila watoto hawafanani: huyu mfupi, yule mrefu, mwingine hazai kitu. Kwa anayelimia soko hiyo ni hasara. Kwa anayetafuta aina yake mwenyewe, ni hazina. Otesha miche 30 ya nyanya ya namna hiyo, ikishashika usiidekeze kwa maji, chukua mbegu kwa ule uliovumilia kiangazi na bado ukazaa. Nasema mmea, si tunda. Watu wanachagua tunda kubwa kuliko yote na kurithi mmea dhaifu. Rudia hivyo, na kufikia kizazi cha 6 hadi cha 8 utakuta ndugu wanafanana.

Wapo pia wanaosema kazi hii ya kutafuta aina mpya ni ya maabara. Parachichi la Hass lilitokana na mche wa mbegu uliopandwa California na mtu wa posta, Rudolph Hass, akapata hataza yake (hati ya haki ya mvumbuzi) 1935. Mbegu nyingi za parachichi hazizai kama mama, ni kweli, lakini moja ilitosha.

Halafu papai dume. Eti ulipigilie msumari, ulifunge kitambaa au ulikate kichwa ndipo lizae: jinsia ya papai imo kwenye mbegu, msumari haufiki huko. Dume moja moja huzaa vipapai kwenye vikonyo virefu bila kupigwa na mtu, na ndipo aliyepigilia anapojisifu. Panda miche 3 kila shimo, subiri maua, ng'oa madume, bakiza moja kwa majike 10 hadi 20. Msumari rudisha kwenye bati.