Dadu Haina Deni na Mtu: Dhana Potofu Kuhusu Misheni za Kamari

Mtu anaua zimwi la mwisho, anaokoa ufalme mzima, anavaa deraya isiyopenyeka, halafu anakwamishwa na mzee mmoja mwenye dadu mbili kwenye kona ya baa. Hao ndio wateja wangu. Nawakwamua wachezaji wa gemu za video za kichawi waliobakiza misheni chache za pembeni ili wafikishe asilimia 100 ya gemu, na hakuna zinazoniletea ujumbe mwingi kama misheni za kamari. Ujumbe wenyewe ni mmoja, hubadilika maneno tu: "Mkuu, nimerusha mara 80 haijatoka. Si nimeshakaribia?"

Hapana, hujakaribia. Hukuwa mbali na hukuwa karibu. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa urefu ili kesho nitume kiungo na kwenda kulala.

"Nimekosa sana, kwa hiyo zamu yangu imefika"

Tuseme misheni inataka sita mbili katika mrusho mmoja wa dadu mbili. Nafasi ni 1 kati ya 36. Mchezaji akisikia hivyo anaelewa kwamba katika mirusho 36 lazima itoke mara moja, na isipotoka, gemu "limemgomea". Sasa tupige hesabu. Nafasi ya kukosa katika mrusho mmoja ni 35/36. Izidishe kwa yenyewe, 35/36 mara 35/36 hadi zitimie 36, na utapata takriban asilimia 36. Maana yake, wakikaa wachezaji 100 na kila mmoja akarusha mara 36, kama 36 hivi watainuka mikono mitupu. Waendelee mpaka mirusho 100, na 6 hivi bado hawataiona hiyo sita mbili. Ukiwa miongoni mwa hao 6 huna nuksi, wala diski yako si mbovu. Lazima wawepo watu 6, na safari hii mmoja wao ni wewe.

Sehemu inayowauma zaidi ni hii: aliyekosa mara 100 na aliyeketi mezani dakika hii wana nafasi ileile kwenye mrusho unaofuata, 1 kati ya 36. Dadu haina daftari la madeni. Mmoja alinijibu kwamba subira huvuta heri. Sawa, lakini subira inakupa mirusho mingi zaidi, haiuboreshi hata mmoja. Hizo ni habari mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakomfanya mtu acheze hadi alfajiri kwa sababu "sasa hivi nikiacha nitakuwa nimepoteza zile 80". Zile 80 zilishapotea ulipozirusha.

Si ugonjwa wa wacheza gemu peke yao. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyozidi kutoka, watu walizidi kumimina fedha kwenye nyekundu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba sasa ni zamu yake. Wakaliwa. Nao walikuwa watu wazima, na fedha ni zao za kweli.

Najua dhana hii inatoka wapi kwa wachezaji wa leo, na hapo nawaonea huruma kidogo. Ziko gemu zinazokumbuka kweli. Katika Genshin Impact, iliyotoka 2020, nafasi ya kupata mhusika wa nyota 5 katika mvuto mmoja wa bahati nasibu yake ni asilimia 0.6, lakini ukifika mvuto wa 90 bila kupata, unapewa kwa lazima. Warcraft III na baadaye Dota 2 zina mapigo ambayo nafasi yake hupanda kila yanapokosa kutokea, kisha hurudi chini yakishatokea. Baldur's Gate 3 ya 2023 ina mpangilio uitwao Karmic Dice, ambao huja umewashwa, na kazi yake ni kukata mfululizo wa matokeo ya aina moja kwenye mirusho yako ya d20, yaani dadu ya pande 20. Mtu aliyelelewa na gemu kama hizo anahamia gemu nyingine akidhani huruma ni sheria ya ulimwengu. Huruma hiyo iliandikwa na mtu kwenye msimbo. Pasipoandikwa, haipo.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza umekaribia kiasi gani, jiulize kama gemu lako linakumbuka. Likiwa linakumbuka, aghalabu wachezaji wenzako wamekwisha kupima na kusema. Likiwa halikumbuki, hakuna cha kukaribia.

Na tafadhali andika! Huu ndio ushauri wangu wa siku zote na hakuna anayeufuata. Chukua karatasi, andika matokeo ya kila mrusho, mirusho 50. Wengi wanaoniambia wamekosa "mara 80" hawajawahi kuhesabu. Niliwahi kumwomba mmoja anitumie rekodi ya skrini. Nikahesabu mirusho 31, na katikati yake alishinda mara moja, akaruka maelezo ya mzee kwa haraka, hakuona.

"Lodi tena na tena, mwishowe itakubali"

Inategemea, na wanaotoa ushauri huu hawasemi inategemea nini. Kompyuta hairushi dadu. Inakokotoa namba kutoka kwenye namba iliyotangulia, na ile ya mwanzo kabisa tunaiita mbegu. Gemu lisipohifadhi mbegu kwenye seivu, yaani hali ya gemu uliyoiweka akiba, kila ukilodi (ukirudi kwenye hali hiyo) unapata mrusho mpya, basi lodi unavyotaka. Likiihifadhi, unaweza kulodi mpaka vidole vifanye sugu na dadu zitaanguka palepale. XCOM: Enemy Unknown ya 2012 ndiyo iliyowafundisha wengi somo hili: unalodi, unarudia shambulio lilelile, risasi inakosa vilevile. Si gemu la wachawi na mazimwi, lakini utaratibu ni mmoja.

Jaribio ni rahisi. Seivu kabla ya kukaa mezani, rusha, andika namba zilizotoka. Lodi, fanya vilevile bila kuongeza hatua, rusha. Rudia mara ya tatu. Usiangalie kama umeshinda au umeliwa, kwa sababu kuliwa mara tatu ni jambo la kawaida kabisa na halithibitishi chochote. Angalia namba zenyewe. Zikiwa 4 na 1, 4 na 1, 4 na 1, mbegu imo ndani ya seivu. Hapo dawa ni kuitumia mbegu kwa jambo jingine kabla ya kurusha: pigana na mbwa mwitu mmoja nje ya mji, cheza raundi moja ya dau dogo, kisha ndio uweke dau lako. Namba zinasogea mbele na wewe unakutana na nyingine.

"Pandisha dau mara mbili kila ukiliwa, huwezi kukosa"

Unaweza. Anza na dhahabu 10, uliwe mara 10 mfululizo, na utakuwa umepoteza 10,230, huku dau linalofuata likiwa 10,240 ili upate faida ya 10. Tena meza nyingi huwa na dau la juu kabisa, kwa hiyo mtindo huu unakatika hata kabla mfuko haujakauka. Tupite.

"Ongeza pointi za Bahati kwa mhusika wako"

Soma maelezo ya pointi hizo kwanza. Katika gemu nyingi Bahati hugusa mapigo makali na vitu vinavyoangushwa na maadui, wala haifiki kwenye meza ya kamari. Isipokuwa pale ilipounganishwa kwa makusudi: Fallout: New Vegas ya 2010 inaifanya Bahati iathiri kweli michezo ya kasino. Kila mtu amesikia habari hiyo moja, akaisambaza kwa gemu zote duniani.

"Meza ni ya haki, ni mimi tu sina zali"

Dhana hii nayo inanikera, ila kwa upande wa pili. Wateja wanaodhani dadu inawaonea nikiwaambia haiwaonei hawaniamini. Kisha wanafika kwenye meza iliyochezewa waziwazi na hapo ndipo wanapokuwa waungwana.

Katika Baldur's Gate 3, sura ya tatu, kuna sarakasi, na ndani yake jini aitwaye Akabi mwenye gurudumu la bahati. Wachezaji wanalizungusha, wanalodi, wanalizungusha tena, wanakuja kwangu na Karmic Dice, wanaizima, wanaiwasha. Akabi ana pete. Anawaibia kwayo. Ukimchomolea pete hiyo kisha ukazungusha, unapata zawadi kuu, naye anakasirika na kukutupa kwenye msitu wenye dinosaria. Usiogope kutupwa, maana huko ndiko unakoikuta Nyrulna, mkuki wa ncha tatu ambao wengine wamemaliza gemu bila kuuona. Bahati haikuwahi kuwa sehemu ya misheni hii. Kilichohitajika ni jicho la kuona kwamba mwenye gurudumu ni mwizi, na mkono mwepesi.

Mtindo huu ni wa zamani. Ocarina of Time ya 1998 ina mchezo wa masanduku mjini usiku, ambamo unachagua sanduku moja kati ya mawili chumba baada ya chumba. Ukitegemea kubahatisha utarudi mlangoni mara nyingi. Ukirudi na Lens of Truth, kifaa kinachoonyesha vilivyofichwa, unaona kilichomo ndani ya kila sanduku kabla ya kulifungua, na zawadi ya kipande cha moyo ni yako. Watunzi wa gemu za kichawi hupenda sana kuficha ufunguo namna hii. Ndiyo maana mteja akiniambia ameketi mezani kwa muda wa saa tatu, swali langu la kwanza huwa: umeinuka ukazunguka chumba? Umezungumza na mlevi aliye karibu na mlango? Umesoma karatasi zilizo ghorofani?

"Kuna njia ya kupata sarafu za bure"

Zipo, na zinafungamana na toleo. Maarufu kuliko zote ni ya Dragon Quest IV kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, 1990. Sarafu moja ya kasino iliuzwa dhahabu 20. Ukiomba sarafu 838,861, bei inapaswa kuwa 16,777,220, lakini gemu lilikuwa linahesabu bei hadi 16,777,215 tu kisha linaanza upya kutoka sifuri. Kwa hiyo unalipa dhahabu 4. Nne! Ni hitilafu nzuri kuliko zote ninazozijua. Ila nimepokea malalamiko ya mtu aliyeandika namba hiyohiyo kwenye gemu tofauti kabisa, akashangaa kuambiwa hana fedha.

"Gwent ni bahati ya karata"

Gwent ni mchezo wa karata ndani ya The Witcher 3, 2015, na huniletea watu waliokwama katika mji wa Novigrad kwenye misheni ya High Stakes, ambayo kiingilio chake ni krauni 1,000 na ukishindwa mchezo mmoja umetoka. Unapewa karata 10, unaruhusiwa kubadilisha 2, basi. Hakuna kuvuta nyingine kila zamu. Kwa hiyo mtu anayebeba karata 40 za wapiganaji "kwa sababu zote ni nzuri" amejipunguzia mwenyewe nafasi ya kuziona zilizo bora. Kiwango cha chini ni 22. Bebeni 22. Wekeni majasusi, kwa kuwa jasusi anampa mpinzani pointi na kukupa wewe karata mbili, na karata ya chambo inaweza kumrudisha mkononi jasusi aliyewekwa upande wako. Raundi ni tatu, anayeshinda mbili ameshinda. Raundi ya kwanza unaweza kuiachia mara tu mpinzani akimwaga nguvu zake zote. Nikiangalia rekodi za walioshindwa, karibu wote wamemaliza karata raundi ya kwanza kwa furaha ya kuongoza kwa pointi 60.

"Nimeshinda, kwa hiyo misheni imekwisha"

Soma sharti. Kuna zinazotaka ushindi wa mfululizo, na kuliwa mara moja kunakurudisha sifuri. Nyingine zinahesabu faida ya kikao kimoja, ukiinuka mezani hesabu inafutika. Nyingine zinangoja urudi kwa aliyekutuma. Mbaya zaidi ni zile zenye mlango unaofungwa: katika The Witcher 3, anayetaka kukusanya karata zote za Gwent ana karata zinazopatikana ndani ya misheni fulani tu, na misheni ikipita, imepita. Waliotengeneza gemu waliongeza baadaye kitabu kiitwacho A Miraculous Guide to Gwent kinachokuambia umebakiza ngapi. Kinapatikana kwa msomi wa pale White Orchard, eneo la mwanzoni kabisa mwa gemu, au kwa mchuuzi aliye karibu na daraja la Mtakatifu Gregory huko Novigrad. Kichukueni kwanza, mkisome, halafu mniandikie mkiwa na idadi.