Chombo cha Kuzama chenye Miili Miwili: Hatari Yake Iko Kwenye Meta 10 za Juu

Mtu akisikia habari za chombo cha kuzama, swali lake la kwanza huwa ni kina: kinashuka meta ngapi? Ni swali la haki. Lakini kwetu sisi tunaochora vyombo vya kuwapeleka wazamiaji kazini, hilo si swali la kwanza. Kina kina hesabu yake, na hesabu hiyo haibadiliki njiani: kila meta 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo linalokaribia lile la angahewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiambiwa meta 100, unajua utakutana na nini. Panapotunyima usingizi ni pale chombo kinapoacha kuelea na kuanza kuzama, meta chache chini ya mawimbi, ambapo kile kilichokuwa kikikisimamisha wima huondoka na kitu kingine lazima kishike nafasi yake papo hapo.

Kwanza tueleze kwa nini chombo hiki kina miili miwili. Mzamiaji wa kazi, yule anayechomelea bomba au kukagua nguzo za daraja chini ya maji, anahitaji mahali pa kutokea na mahali salama pa kurudia. Njia ya zamani ni kumteremsha ndani ya kengele ya kuzamia, yaani chumba kidogo kinachoning'inizwa, kutoka ubavuni mwa meli. Meli ikiyumba, ubavu ndio unaopanda na kushuka zaidi, na kengele hupigapiga kama ndoo kisimani. Ukiweka miili miwili sambamba na kuiunganisha kwa sitaha juu, nafasi inayobaki katikati huwa ni mlango. Kinachoteremshwa hapo hupita kwenye mstari wa kati wa chombo, ambapo kuyumba ni kudogo.

Wazo hili si geni. Urusi ilikuwa na meli ya miili miwili, Kommuna, iliyoingia kazini mwaka 1915 kwa ajili ya kuinua nyambizi zilizozama. Nyambizi ilinyanyuliwa katikati ya miili hiyo. Mwaka 1973 jeshi la majini la Marekani lilipokea meli mbili za aina hiyo, USS Pigeon na USS Ortolan, za kuokoa watu walionaswa ndani ya nyambizi na kuhudumia wazamiaji wa kina kirefu. Kati ya Kommuna na meli hizo za Marekani kulikuwa na mtu mmoja aliyepeleka wazo mbele zaidi: Frederick Creed, mzaliwa wa Kanada, ambaye kuanzia miaka ya 1930 alipendekeza miili yenyewe iwekwe chini ya maji, na sitaha ishikiliwe juu na kuta nyembamba zinazopenya uso wa bahari. Wimbi hupata kidogo tu cha kusukuma. Japani ilijenga meli ya namna hiyo, Kaiyo, mwaka 1985, kwa ajili ya majaribio ya wazamiaji kuishi kwenye shinikizo la meta 300. Ninaiheshimu sana meli hiyo, kwa sababu umbo lake lote lilichorwa kwa kumfikiria mtu aliye chini.

Kutoka hapo hadi chombo kinachozama kizima ni hatua moja, na hatua hiyo ndiyo ngumu.

Tuchukue mfano. Miili miwili ya mviringo kama mapipa marefu, kila mmoja una kipenyo cha meta 1.8 na urefu wa meta 8, na kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine ni meta 4. Ikizama yote, husukuma maji ya takriban tani 42. Kikiwa kinaelea, chombo hiki ni kigumu kukilaza. Mwili unaobonyea upande mmoja husukumwa juu kwa nguvu, na ule unaonyanyuka hupoteza msaada wa maji, kwa hiyo vyote viwili hukirudisha wima. Faida hii hukua kwa mraba wa umbali: ukiweka miili mbali mara 2, ugumu wa kulala huongezeka mara 4. Nahodha anayetembea kwenye sitaha yake hujihisi yuko nchi kavu.

Sasa fungua vali, maji ya farumi, yaani ya kukiongezea chombo uzito, yaingie matangini. Migongo ya miili ikishafunikwa, hakuna tena upande unaobonyea wala unaonyanyuka. Yote imo ndani ya maji, na maji huisukuma juu sawasawa hata chombo kikilala. Zile meta 4 tulizojivunia hazisaidii kitu. Kinachobaki kukisimamisha ni jambo moja tu: kitovu cha uzito kiwe chini ya kitovu cha ueleaji, yaani pale msukumo wa maji wa kuinua unapokutania, chombo kining'inie kama taa ya chemni kwenye mnyororo wake. Kwa ukubwa huu, umbali kati ya vitovu hivyo ukiwa sentimeta 20, nguvu ya kukirudisha wima ni pungufu ya sehemu 1 ya 10 ya ile iliyokuwepo juu.

Tuone maana yake. Mtu na vifaa vyake, jumla kilo 150, akisogea meta 3 kutoka upande mmoja hadi mwingine, chombo kitalala nyuzi 3. Hiyo inavumilika. Lakini kama fundi alilegeza mkono na umbali kati ya vitovu ukawa sentimeta 5 badala ya 20, mtu yuleyule akisogea vilevile atakilaza chombo nyuzi 12, na kila kisichofungwa kitaanza kuteleza kumfuata. Tangi la upande mmoja likijaa nusu tani zaidi ya mwenzake, hata chombo kizuri kitalala nyuzi 7. Ndiyo maana matangi ya pande mbili lazima yawe pacha wa kweli: matundu ya chini yenye ukubwa uleule, mabomba ya kutoa hewa yenye urefu uleule na kona zilezile. Kona moja ya ziada kwenye bomba la kushoto inatosha kuchelewesha tangi hilo.

Hatari kubwa haiko mwanzoni wala mwishoni mwa kuzama. Iko katikati, wakati migongo imeshafunikwa na matangi yamejaa nusu. Maji yaliyomo ndani ya tangi lisilojaa hukimbilia upande unaolala na kuuongezea uzito, kwa hiyo hupigana na chombo dakika ileile ambayo hakina nguvu ya kujitetea. Dawa yake tunaijua. Gawanya kila tangi kwa kuta ili maji yasiwe na uwanja wa kukimbilia. Betri nzito na vipande vya madini ya risasi viwekwe chini kabisa, kwenye mkuku. Kisha simamisha nguzo nne nyembamba, moja kila pembe, zinazobaki juu ya maji baada ya miili kufunikwa. Nguzo hizo hushika uso wa maji hadi matangi yajae kabisa, na baada ya hapo ndipo chombo huziachia. Mchoraji akiniletea chombo cha miili miwili kisicho na nguzo hizo, huwa namrudishia.

Mawimbi nayo hayaishi pale maji yanapokufunika. Wimbi linalochukua sekunde 8 kutoka kilele hadi kilele lina urefu wa takriban meta 100, na mwendo wake chini ya maji hupungua nusu kila unaposhuka sehemu 1 ya 9 ya urefu huo, yaani meta 11. Kwa hiyo chombo kilicho meta 10 chini bado kinachezeshwa kwa nusu ya mwendo wa juu. Meta 50 chini, kinachobaki ni asilimia 4 hivi. Hapo ndipo mzamiaji anaweza kufunguliwa mlango bila kuhofia kwamba kizingiti kitampanda mgongoni.

Hewa pia hufanya vitimbi vyake hapo juu. Lita 100 za hewa zilizonaswa kwenye pembe ya tangi huwa lita 50 tu kufikia meta 10, kwa sababu shinikizo limekuwa mara 2. Chombo kimepoteza kilo 50 za ueleaji bila mtu kugusa chochote, na kadiri kinavyoshuka kinazidi kuwa kizito. Kutoka meta 90 hadi 100, hewa iliyonaswa ingebadilika kwa asilimia 9 tu. Mapafu ya mzamiaji hufuata sheria hiyohiyo: anayepanda kutoka meta 10 akiwa amebana pumzi hubeba hewa inayotaka kuwa mara 2 ya ilivyokuwa, na kifua hakina nafasi hiyo.

Kuhusu kina chenyewe nitasema jambo moja, kwa sababu huwashangaza hata wahandisi. Mwili mmoja wa chombo chetu, wenye kipenyo cha meta 1.8, ukitengenezwa kwa chuma cha unene wa milimeta 20, kwa meta 100 chuma hubanwa kwa sehemu 1 ya 8 tu ya nguvu yake, tukitumia chuma cha kujengea meli chenye nguvu ya megapaskali 355. Mtu angesema tumepita kiasi kwa usalama. Lakini bomba refu la unene huo, lisilo na mbavu ndani, hujikunja kama kopo la bati kwenye meta 62 hivi. Chuma hakikuishiwa nguvu. Umbo ndilo lililosalimu amri. Kwa hiyo tunaweka mataruma ya mviringo ndani, karibu karibu, na tunapima duara la mwili kila hatua ya uchomeleaji, kwa sababu mwili uliobonyea milimeta chache umeshaanza safari ya kukunjika.

Swali linalofuata ndilo tunalobishania zaidi: wazamiaji wakae wapi? Wachoraji wengi wanaoanza huweka marubani katika mwili mmoja, kwenye shinikizo la kawaida, na wazamiaji katika mwili wa pili, ambao hewa yake hupandishwa hadi ilingane na maji ya nje ili mlango wa chini ufunguliwe bila maji kuingia. Kwenye karatasi hupendeza. Kazini, wazamiaji wawili wakitoka na vifaa vyao, kilo 300 huondoka upande mmoja, na chombo hulala nyuzi 4 upande wa pili huku kikitaka kupanda. Tena miili hiyo miwili si ya kazi moja. Mmoja hubanwa kutoka nje tu. Mwingine hubanwa kutoka nje, na kurudi juu na wazamiaji ambao bado wamo kwenye shinikizo la kina huwa kama chupa ya gesi inayosukumwa kutoka ndani, hivyo kila mlango na kila kidirisha lazima kihimili pande zote mbili.

Mimi nashikilia chumba cha wazamiaji kiwe katikati, kati ya miili, na marubani wawe mbele yake kwenye mstari uleule. Miili ya pembeni ibebe betri, gesi na farumi. Tangi dogo la fidia liwe karibu na mlango, lipokee maji kilo kwa kilo kadiri wazamiaji wanavyotoka. Hasara yake ni kwamba chombo hurefuka kidogo, nami nakubali kuilipa.

Chumba hicho kitahitaji joto. Kwenye kina kirefu wazamiaji hupumua mchanganyiko wenye heliamu, kwa kuwa naitrojeni ya hewa ya kawaida huwalewesha, na heliamu hupitisha joto takriban mara 6 zaidi ya hewa. Juni 1973, karibu na Key West huko Florida, chombo cha Johnson Sea Link kilinasa kwenye mabaki ya meli na kukaa chini zaidi ya siku nzima. Watu wawili waliokuwa mbele, ndani ya tufe la akriliki, yaani plastiki ngumu angavu, waliokoka. Wawili waliokuwa chumba cha nyuma cha aluminiamu walifariki. Aluminiamu ilipitisha baridi ya maji, chumba kikapoa, na kemikali ya kunyonya hewa ya ukaa ikapungua nguvu, kwa sababu hufanya kazi vibaya ikipata baridi. Tangu hapo hakuna sababu ya mchoraji yeyote kuacha chumba cha wazamiaji bila kitambaa cha kuzuia baridi, wala kuweka kisafisha hewa kimoja bila akiba. Tukio hilo linatuhusu hata zaidi, kwa sababu nafasi kati ya miili miwili ni mtego mzuri wa kamba na nyavu. Kingo zote za ndani ziviringwe, na kila kilicho nje ya mwili kiweze kuachiwa kutoka ndani: mikono ya kazi, propela, hata betri.

Wazamiaji wakishapanda hawatoki moja kwa moja. Miili yao imejaa gesi, na kuitoa gesi hiyo taratibu huchukua siku kadhaa ndani ya chemba ya shinikizo iliyo kwenye sitaha ya meli inayowahudumia. Kanuni ya makadirio ni siku 1 kwa kila meta 30, kisha siku 1 ya ziada. Kwa hiyo chombo lazima kiungwe na chemba hiyo shinikizo likiwa bado juu. Novemba 1983, kwenye mtambo wa kuchimbia mafuta wa Byford Dolphin katika Bahari ya Kaskazini, kibanio cha kiungo hicho kilifunguliwa kabla mlango wa chemba haujafungwa. Shinikizo lilianguka kutoka mara 9 ya angahewa hadi 1 kwa kufumba na kufumbua. Wazamiaji wanne na msaidizi wao mmoja walikufa. Kibanio tunachochora leo kinashikwa na shinikizo lenyewe: maadamu lipo ndani ya kiungo, mkono wa mtu hauwezi kukifungua, awe amechoka au ameamriwa.

Chombo kikikamilika, hatukipeleki kwenye kina. Tunakipeleka kwenye bwawa tulivu, tunahamisha uzito unaojulikana kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kupima kwa timazi kimelala nyuzi ngapi. Tunafanya hivyo kikielea, kisha kikining'inia kwenye nguzo zake matangi yakiwa nusu, kisha kikiwa kimezama chote. Jaribio la pili ndilo hutuonyesha makosa. Mara nyingi si kosa la hesabu, ni uzito uliopanda juu kidogo kidogo wakati wa ujenzi: nyaya, mabano, rangi ya tabaka la tatu. Kwa hiyo kuna mizani kwenye mlango wa karakana, na daftari kando yake. Kila kinachofungwa kwenye chombo huandikwa humo uzito wake na kimo chake kutoka kwenye mkuku, hata kama ni taa ya kilo 3.